Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Siku ya arobaini na moja ya eda yangu
wifi Mwantumu aliniletea kitabu cha hadithi fupi,
kimetoka uvunguni kwa mwanawe aliyemaliza Usagara,
jalada limeng'oka, kinanuka mende na dawa ya mende.
"Soma," alisema, "usije ukafikiri sana."

Nikasoma.
Chumba changu Barabara ya Kumi na Mbili kina dirisha moja,
dirisha lina pazia, pazia lina macho ya mtaa mzima.
Nje, kengele za baiskeli tangu alfajiri.
Ndani, wanawake wa kwenye karatasi:
mmoja alifungua mlango, akafa kwa homa;
mmoja alikataa posa, akarukwa na akili;
mmoja alipanda gari moshi na sanduku la bati,
ukurasa wa nne karudi analia, kapokelewa, kasamehewa.
Niliwahesabu kwa tasbihi.
Kumi na moja walitoka.
Hakuna aliyefika sokoni, akanunua bamia, akarudi zake.

Ya kumi na mbili haikuwa na mwisho.
Mchwa walikula kurasa tatu,
wakamwacha mwanamke kizingitini,
mguu mmoja nje, kiatu mkononi.

Nikawauliza waliokuja kunipa pole.
Wifi: "Ataurudisha mguu. Ana watoto yule."
Somo yangu Bi Mwanakheri, akipuliza chai:
"Gari litamgonga. Hadithi za zamani hazina huruma."
Shemeji Hizza, nyuma ya pazia kwa heshima, alikohoa:
"Mumewe alisemaje?"
Hakusema kitu, shemeji. Ukurasa ule hayumo.
"Basi hiyo haijakamilika."

Marehemu Abdurabi hakuwahi kunipiga.
Hili husemwa kama sifa,
nami nililisema msibani, watu wakaitikia.
Miaka ishirini na sita aliniletea machungwa ya Muheza
yameshamenywa.
Sikuwahi kuchagua chungwa.
Nakililia, wallahi, kile kisu chake kidogo.
Na usiku mwingine, Mungu anisamehe,
nililala katikati ya kitanda, mikono nimeitandaza
kama mtu anayepima kitambaa.

Baiskeli yake iliegemea ukuta wa uani,
buibui wameshafuma kwenye spoku.
Shemeji alikwisha kuiandika kwenye karatasi ya mirathi,
kati ya redio na mabati kumi.
Nikasema kupitia pazia:
katika thumni yangu, anzeni na baiskeli.
Kimya.
Kisha kicheko.
Kisha kimya cha aina nyingine.

Siku ya mia na thelathini wakaniogesha,
wakanifukiza udi, wakanivika doti mpya,
na kila mmoja alikuja na mwisho wake
kama mtu aliyebeba sahani iliyofunikwa kawa:
rudi Pangani kwa kaka yako;
kaa hapa hapa, ulinde jina;
kuna mgane Makorora, mtulivu, ana bafu la ndani.
Nikala pilau yao. Nikawashukuru. Pilau ilikuwa nzuri.

Kesho yake nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi Mbelwa.
"Ya nani?"
"Ya marehemu," nikasema. Mdomo umezoea.
"Na kiti tunamshushia nani?"
Wasichana watatu wa shule walipita wakipiga kengele
bila sababu yoyote.
"Shusha tu. Inchi mbili. Miguu yangu mifupi."
Akanitazama, akatazama buibui langu, akatazama mnyororo,
akachukua spana.

Sijui kuendesha. Hilo sikumwambia.
Nilirudi nikiikokota kwa njia ya sokoni,
nikanunua bamia robo kilo,
nikachagua na chungwa,
nikachagua vibaya, lilikuwa kali, mpaka jicho likafumba.
Nikalila lote, kwa meno, nimesimama njiani,
Barabara ya Kumi na Mbili nzima ikinitazama.