Darasa la Maneno, Katwe

Jumamosi saa tisa, stoo ya nyuma ya kanisa:
magunia ya chumvi upande huu, benchi tatu upande ule,
na mimi, katekista asiye na mshahara,
mwenye chaki moja na maneno makubwa.

Tunasoma kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyezaliwa nacho.
Mkonzo, Mnyankole, Mkongomani aliyevuka Mpondwe na godoro kichwani:
hapa kila mtu ni mgeni wa lugha,
hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nikaandika NEEMA.
Nikasema nilivyofundishwa Kabarole, kwenye majani mabichi:
"Neema ni kama mvua, huwanyeshea wote."
Darasa likanyamaza.
Ithungu akaitazama mikono yake,
Kule akautazama mlango.
Ndipo nikakumbuka nilipo.
Katwe mvua ni mwizi.
Wiki sita unalilea dimbwi, unalikoroga, unaliombea jua,
chumvi inaanza kushika kama utando wa maziwa,
halafu usiku mmoja tu, pwaa!
Asubuhi una maji, na deni.

Nikafuta. Vumbi la chaki likanipalia.

"Basi tuseme hivi," akasema Ithungu,
"mwaka ule wa mafuriko mwenye dimbwi hakuja kudai kodi.
Alinikuta barabarani, akaniona, akapita."
Hiyo ni rehema, nikasema. Ulipaswa kudaiwa, hukudaiwa.
"Na jioni mkewe akaleta unga."
Nikainua chaki. Mkono ukagoma.
Alikwisha kuandika yeye.

UKOMBOZI haukutusumbua.
Baiskeli ya Bwambale imelala rehani kwa Tibesigwa tangu Pasaka.
Kila siku anapita kuiona,
mnyororo kwenye nguzo ya duka, tairi zimesinyaa.
"Haijaacha kuwa yangu," asema,
"ila haiwezi kuja nyumbani peke yake."
Andikeni hilo, nikawaambia. Langu liacheni.

KUHESABIWA HAKI kulitutoa jasho.
Haki wanaijua: huendewa ofisini mara saba.
Kuhesabiwa wanakujua: karani wa ushuru, kalamu sikioni.
Lakini yote mawili kwa pamoja?
Kahambu, ambaye tangu Januari hajafungua kinywa:
"Karani aandike magunia kumi jina langu,
na mimi nimebeba mawili.
Yale manane ameyabeba mwingine, kwa kupenda kwake."
"Na huyo mwingine analipwa nini?" Kule akauliza.
Hakuna aliyejibu. Mimi pia.
Chumvi imemla Kahambu vifundo vya miguu hadi nyama nyekundu;
gunia ni nini, anajua.

TOBA nilitaka kuieleza kwa machozi.
Muhindo akacheka: "Mwalimu, hilo ni jina langu."
Kwao wakifuatana wasichana watupu, kisha aje mvulana,
huyo ni Muhindo: njia imegeuka tumboni.
Akasimama, akaenda hadi karibu na mlango,
akageuka mwili mzima, visigino na vyote.
"Kulia ni kulia tu. Hii ndiyo."

Nilikuwa bado na UTAKASO, na UPATANISHO,
na AMINA niliyoiweka mwisho kama mnofu wa sahani,
bati la stoo likalia mara moja.
Kisha mara ya pili.
Benchi zikapinduka.

Dimbwi lililoiva lilikuwa la Muhindo peke yake,
na bado mabeseni yalitoka kila nyumba.
Nikavua viatu, nikaingia hadi magotini,
kila mkwaruzo mwilini ukajitaja jina.
Tulikwangua, tulichota, matone yakitoboa maji kutuzunguka,
Bwambale akitukana wingu, Ithungu akimkemea asitukane.
Kule, kichwa chini, akapaza sauti:
"Mwalimu! Na hii, kitabuni inaitwaje?"

"Panua gunia," nikamwambia.