Mpira wa Chini

Pijo yangu ya mwaka sabini na nane
haichemshi ikiwa imesimama mlangoni.
Hapo hunguruma kwa adabu, kama mgeni
aliyeambiwa chakula ki karibu.
Huchemsha kwenye mlima wa Lipán, kona ya tisa,
ikiwa na tani ya chumvi mgongoni
na uwanda mweupe nilikoichimba chumvi hiyo
umekuwa mdogo huko nyuma
kama sahani iliyosahauliwa mezani.

Mshale wa geji huanza kwa aibu,
hunyanyuka, husimama wima, hulala kulia
kwenye wekundu. Nazima. Nashuka.
Boneti juu: mvuke, harufu tamu ya dawa ya rejeta.
Nangoja nusu saa
(kifuniko cha moto hakifunguliwi na mwenye akili,
kovu la mkono wangu ndilo lililonifundisha).
Nachungulia. Hakuna tone chini. Hakuna ufa.
Kila kitu kimetulia mahali pake
kama watoto waliosikia hatua za mama.

Casiano wa Tilcara alisema: thamostati.
Nikanunua. Ile ya zamani akaitumbukiza sufuriani,
juu ya jiko, tukaitazama ikifumbua mdomo
vizuri kabisa, kwa wakati wake.
Nilikuwa nimeshalipa.
Mwanawe Wenceslao akasema rejeta imeziba,
akaisukutua kwa siki siku mbili.
Fundi wa tatu, wa Maimará, hakugusa kitu;
alitikisa kichwa kama daktari, akanong'ona:
gasketi ya silinda hedi.
Nililibeba neno hilo hadi nyumbani
kama barua ya benki.

Lakini mafuta yangu hayakuwa na rangi ya maziwa.
Moshi wa nyuma haukuwa mweupe. Maji ya rejeta
hayakutoa mapovu injini ilipowaka.
Gonjwa lile lina dalili zake, nami sikuona hata moja.
Basi nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo:
Unaumwa lini?
Si ukisimama. Si mteremkoni.
Ni pale tu ninapokanyaga hadi sakafuni.
Na nikishuka kutazama, mguu nimeshauondoa,
na maradhi nayo yameondoka.

Jumanne nilimpakia shangazi Damiana,
miaka sabini na minne, kofia nyeusi,
furushi la jibini mapajani,
hajawahi kushika usukani maishani.
Kona ya tisa. Mshale kulia.
Tukapoa, tukaongeza maji.
Nikamhamishia kwenye kiti changu, nikaondoa gia,
nikavuta breki ya mkono, jiwe nyuma ya kila tairi.
"Huo hapo, shangazi. Kanyaga nikiinua mkono."
"Hadi wapi?"
"Hadi ukatae."

Alikanyaga kama anayeua nge.
Injini ikalia hadi mlima ukajibu,
nami nimeinama, nikaona:
mpira wa chini, ule mnene upelekao maji kwenye pampu,
ukanywea. Kuta zake zikagusana
kama koo la mtu anayezuia kilio.
Nikashusha mkono, ukajaa. Nikainua, ukanywea.
Pesa za miaka miwili zilikuwa mle,
ndani ya mpira uliopoteza springi yake;
kutu iliila kimyakimya, ikabakiza unga wa kahawia.

Nilikata waya kwenye ua ulioanguka, wa mtu nisiyemjua
(msamaha wake niliuacha baadaye kileleni,
kwenye rundo la mawe la wasafiri:
kipande kizima cha jibini, shangazi akinuna).
Nikauzungusha kwenye mpini wa beleshi, mizunguko kumi na miwili,
nikauingiza, nikakaza vibano, nikatia maji ya kunywa
kwa sababu hayakuwepo mengine.

Kona ya kumi. Ya kumi na moja.
Mshale uko katikati, umetulia,
nami siuamini, nautazama kuliko barabara.
Shangazi hautazami.
Anatazama mguu wake wa kulia,
anaukunja, anaukunjua.
"Huo waya wako," akasema, "ukikatika,
usimwite Casiano."