Sifuri ya Kundi la Nne

Tulivuka Makupa saa mbili na robo asubuhi,
watoto arubaini na watatu wa gredi ya sita,
ndoo saba, vipimajoto viwili (kimoja na ufa),
na fremu nne za bomba la plastiki
alizotukatia bure fundi Mwinyihaji wa Tononoka,
huku akiuliza mara tatu:
"Mwalimu, dirisha hili la kutazamia nini?"
La kutazamia tope, nikamjibu.
Akacheka hadi msumeno ukamponyoka.

Mikindani maji yalikuwa yamekupwa.
Siku ya bamvua hiyo, yameondoka bila kuaga,
yameacha mikoko imesimama juu ya mizizi
kama watu waliopandisha nguo wasilowe.
Harufu ilitupokea kabla ya mwenyeji:
yai viza, chumvi, jani linalooza polepole.
Hafswa akaziba pua kwa mtandio.
"Vuta," akasema Bi. Mwanamkuu, mtafiti,
buti zake za mpira zimemezwa hadi magotini.
"Huko chini hakuna hewa, na vijidudu vinapika.
Huo ndio moshi wa jiko lao."
Hafswa akavuta. Akakohoa.
Akavuta tena.

Kazi ilikuwa hii: weka fremu, piga magoti,
hesabu kaa walio ndani, andika.
Kundi la kwanza, kumi na wanne. La pili, tisa.
La tatu lilikuwa likigombana
juu ya kaa aliyekalia mpaka:
nusu yake huku, nusu kule,
naye hana haraka ya kuamua uraia.
Kundi la nne, Shebwana, Nyevu na Kadzo:
sifuri.

Nikafanya nilivyozoea kwa miaka kumi na tisa.
"Rudieni. Tazameni wenzenu wamepata ngapi."
Ndiyo, niliyasema hayo mimi,
mwenye cheti ukutani.
Bi. Mwanamkuu akanigusa bega kwa penseli:
"Waandike sifuri, Mwalimu.
Halafu waulize imetoka wapi."

Ilitoka kwenye visigino vya Shebwana
aliyekuja akirukaruka kama mchi kinuni.
Ilitoka kwenye vivuli vyetu.
Kadzo ndiye aliyeng'amua, kwa sauti ya chini:
"Wao hawajui sisi ni shule.
Wanadhani sisi ni ndege."

Basi wakaketi. Topeni, na sare zao.
Dakika moja. Mbili.
Watoto hawa hawatulii hata bendera ikipanda,
lakini siku hiyo nilisikia tope lenyewe
likitokota mapovu, tk, tk, tk.
Kisha shimo likatoa kijiti,
na juu ya kijiti, jicho.
Kisha gando moja kubwa kuliko mwenyewe,
likapunga juu, chini, juu,
nasi hatukujua linamwita nani.

Thelathini na mmoja.
Kadzo hakuifuta ile sifuri.
Chini yake aliandika: *31, baada ya kunyamaza.*

Hapo Nyevu, ambaye tangu Januari
sikumbuki kusikia sauti yake darasani, akasema:
"Mwalimu, ubaoni ulichora miguu sita.
Huyu ana minane. Magando mbali."

Nikainama. Nikahesabu.
Nikahesabu tena, nikitumai kaa atakosea.
Miaka kumi na tisa kaa wangu amekwenda chopi
kutoka daftari hadi daftari,
na wanangu wamepata alama zote kwa ulemavu huo;
mmoja leo ni daktari wa meno kule Nyali.
"Kweli," nikasema. "Nilikosea."
Watoto wakanitazama
kama walivyolitazama lile jicho la kwanza:
bila kupumua, wasinitishe nikarudi shimoni.

Maji yalianza kujaa saa tano,
yakapita kimya ndani ya nyayo zetu,
moja moja, kama yanayosahihisha.

Jumatatu nilimpa Nyevu chaki.

Jioni nikapita kwa fundi.
"Ehe, dirishani mmeona nini?"
Nilikuwa nimechoka, maneno hayaji,
nikamwinulia vidole viwili: miguu miwili.
Akadhani nataka fremu mbili zaidi.
Nilipofungua kinywa nimweleze
msumeno ulikuwa umeshaanza.