Daftari la Ghala la Tatu

Kabla ya mama, daftari lilifungwa kwa mnyororo.
Mnyororo wa chuma hasa, na kufuli
lililonunuliwa Barabara ya Nane.
Anayesoma alimsubiri anayeandika,
anayeandika alimsubiri anayesoma,
na marobota ya mkonge yaliwasubiri wote uani,
yakinywa mvua.

Mkaguzi Hizza alihesabu siku tatu.
Siku tatu wino ulikauka vidoleni,
malori yakapanga foleni hadi Chumbageni.

Mwaka uliofuata wakafungua kufuli,
akahesabu huku wenzake wanaandika.
Ukurasa wa kwanza aliusoma wa asubuhi, wa mwisho wa jioni;
robota moja kalihesabu mara mbili, kumi hakuyaona.
Jumla yake haikuwa ya siku yoyote
iliyowahi kuchwa Tanga.

Ndipo mama, karani wa mwisho kuajiriwa, akasema:

"Asifute mtu.
Robota likitoka, mstari wake wa zamani uacheni.
Andikeni mpya chini yake, na namba ubavuni,
na namba zisirudi nyuma.
Bwana Hizza, umeingia tukiwa mia nne na kumi na mbili.
Soma hadi hapo.
Yanayozidi, kwako bado hayajazaliwa."

Hizza akasoma. Sisi tukaandika.
Alihesabu ghala ambalo halikuwepo tena
na hakukosea hata kamba moja.

Mbelwa na Kibwana waliuza robota lilelile.
Aliyemaliza kwanza akapewa.
Wa pili akaanza upya, akinung'unika.

Ila daftari lilinenepa.
Kila Ijumaa mama aliuliza mlangoni:
"Nani bado anasoma ya zamani?"
Kurasa zisizo na msomaji zilikwenda jikoni
kuwashia moto wa chai.
Wiki moja Hizza aliugua malaria Bombo
bila kusema amemaliza.
Hatukuchana hata karatasi.
Mafaili yakapanda hadi dirishani, yakatuzibia upepo.

Leo nalisha mashine hesabu za bandari,
na mashine inafanya vilevile: haifuti, inaongeza,
usiku inafagia.
Mwalimu wangu alisema wazo hili lilizaliwa ng'ambo,
miaka ya sabini, kwenye tasnifu ya mwanafunzi.

Sibishi.
Yeye asome toleo lake,
mimi nisome la mama.
Hatuzuiani.