Beki Tatu

Namba kumi hurudi ikinukia marashi.
Namba tisa hurudi safi, utadhani ilikwenda kuposa.
Lakini tatu, tatu hurudi na uwanja mzima:
mchanga, chokaa ya mstari,
damu kidogo penye kiwiko.
Vioreli nilimjua kwa beseni
kabla sijamjua kwa sura.

Alikuja dirisha dogo, mvua za vuli,
Mromania wa miaka thelathini na sita,
begi moja, njumu jozi mbili,
goti moja la kuaminika.
Keko nzima ilitoka kumtazama.
"Mzungu gani huyu wa daraja la pili?"
akauliza muuza kahawa, bila kushusha birika.
Watoto wakataka kujua anacheza namba ngapi.
"Beki tatu," akajibu, kama kocha Mwinjuma alivyomfundisha,
na uchochoro wote ukaangua kicheko,
naye akacheka nao, hajui
kwamba mjini hapa beki tatu ni binti wa kazi,
yule anayelala jikoni na kuamka kabla ya adhana.

Mimi sikucheka.
Namba hiyo nimeicheza miaka saba, Oysterbay,
nyumba yenye geti jeusi.
Unazuia, unafuta, unapanda, unarudi mbio,
na wageni wakishiba humsifu mwenye nyumba.

Jioni nikianika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akinihesabia timu zake kwa vidole. Vidole vikaisha.
Ya kiwanda cha matrekta, kiwanda kikafungwa.
Ya mji wa makaa, iliposhuka daraja
mji nao ukashuka.
Moja ililipa mshahara kwa kondoo.
"Kondoo wangapi?"
"Wawili. Mmoja mgonjwa."
Kisha Kupro, kisha Omani,
ambako wakala wake alizima simu
na hadi leo haijawashwa.
Mabao manane, miaka kumi na minane.
Moja alijifunga.
Na hilo analihesabu.

Kila nchi, aliniambia, neno la kwanza kulijua
si maji, wala si asante.
Ni kesho.
Mâine. Ávrio. Bukra.
Hapa alilipata siku ya pili tu,
ofisini kwa Bwana Ngalomba mwenye malori ya mchanga:
"Kesho, mwanangu. Kesho."
Alilitamka vizuri kuliko maneno yake mengine yote,
kama mtu aliyezaliwa Temeke.

Watangazaji humwita mchezaji wa aina yake kiraka.
Beki wa kati akiumia, yumo. Kiungo akifungiwa, yumo.
Kule Njombe, baridi imeuma hadi kwenye filimbi,
kipa wetu akala nyekundu,
Vioreli akavaa glavu,
akafungwa matatu, akadaka penalti,
akarudi anaizungumzia penalti tu.
Mimi viraka navijua, ni kazi yangu.
Nguo haichaniki palipo na kiraka.
Huchanika pembeni yake.

Mechi ya mwisho tulitaka sare, tukapata sare.
Hatukupanda. Hatukushuka.
Dakika ya themanini na nane alikwenda chini peke yake,
hakuna aliyemgusa,
akashika goti.
Nikasimama kwenye benchi nione ni lipi.
Ni lile la kuaminika.

Kabla ya kuondoka alikuja kunilipa hela ya sabuni,
deni la klabu, si lake:
elfu kumi na mbili, noti zilizokunjwa kunjwa na sarafu.
Nikamuuliza atarudi lini.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Lile neno hakulitumia kwangu.

Sasa jezi imepewa kijana wa Mbagala, Hamduni,
kifua kama ubao wa kukunia nazi.
Mikono inamfunika hadi vidole.
Kocha kasema kata.
Sikukata. Nimekunja kwa ndani,
nimeshona kwa mishono mirefu, ya kufumuliwa.
Kijana bado anakua.