Nusu ya Kidonge

Duka langu la dawa liko chini ya kituo cha magari ya kebo, Chiatura,
mji uliochimbwa manganizi hadi mto
ukawa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria.
Tangu mgodi ufungwe wanaume hushinda uwanjani,
wanarusha dadu, wanatema mate, wanangoja habari.
Wake zao huja kwangu.

Huja saa ambazo dukani hakuna mtu.
Nanuli hanunui pakiti.
"Nikatie vinne," huniambia,
nami huchukua mkasi nikakata vidonge vya presha
kama fundi anayekata kiraka.
Vinne.
Mwezi una siku thelathini.
Simuulizi. Hesabu hiyo anaijua kuliko mimi.

Nimejifunza kuwasoma.
Yupo anayesema "ni gesi tu" na mkono uko kifuani.
Yupo anayeuliza bei ya dawa ya usingizi,
akaitikia kwa kichwa, akanunua plasta ya goti la mtoto.
Lamzira aling'oa jino lake mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu,
akaja kutafuta pamba tu,
akaomba radhi kwa damu iliyodondoka sakafuni.
Na Tsiala, anayepungua kila nikimwona,
ukimgusia anacheka:
"Nimeshakula nikipika."

Naijua sentensi hiyo. Mama yangu aliishi kwayo.
Ndiyo dua ya meza
katika nyumba ambazo maharagwe hayamfikii mpishi.

Mwezi wa pili, theluji bado imelala juu ya mabati,
nikaona kidole cha Nanuli kina alama nyeupe, laini,
ngozi ambayo haikuona jua kwa miaka ishirini na sita.
Ng'ambo ya barabara duka la rehani halizimi taa.
Siku hiyo alinunua vidonge kumi.
Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha wiki tatu sikumwona.

Alhamisi akaingia mumewe, Gocha,
mtu mkubwa, akainama mlangoni ingawa mlango wamtosha.
Hajawahi kukanyaga humu.
"Hospitali wananiuliza anakunywa dawa gani.
Sijui jina lake."
Nikamwandikia. Akaisoma karatasi herufi kwa herufi,
midomo ikicheza, kama mtoto wa darasa la kwanza.
"Anaongea?" nikauliza.
"Upande mmoja."

Hakuondoka.
Akatoa leso mfukoni, akaifungua polepole.
Ndani mlikuwa na nusu ya kidonge,
ukingo wake umemeng'enyeka, umekatwa kwa kisu cha mkate.
"Kila asubuhi hunipa hii na chai.
Alisema daktari ameniandikia nusu.
Alisema serikali inatoa bure, na yeye ana vyake."
Akanitazama.
"Ana vyake?"

Mimi huuza dawa. Sikusomea kujibu swali kama hilo.
Nje dadu ziligonga ubao, mtu akashangilia.
Gocha akakiweka kile kipande juu ya kioo cha kaunta,
akakisogeza kwangu kwa kidole kimoja,
kama anayerudisha chenji iliyozidi.

Nilishika mkasi. Nikauweka chini.
Nikampa pakiti mbili nzima, moja ya kila mtu,
na kwenye daftari la madeni nikaandika jina langu,
maana mwenye duka huja kila mwisho wa mwezi
na huhesabu hata mifuko.

Usiku ule Zaza alinikuta jikoni nimesimama,
nafuta bakuli ambalo lilikuwa kavu tayari.
"Mbona hukai ukala?"
Ulimi ukatangulia, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini:
nimeshakula niki...

Nikanyamaza.
Nikavuta kiti.
Maharagwe yalibaki kidogo, na chumvi ilizidi.
Tukayala kwa sahani moja, bila kutazamana.