Hanajina wa Arobaini na Saba

Kabla yake walizaliwa wawili, wakaondoka
nywele za kwanza hazijanyolewa.
Wa tatu, mama akamwita Nergui,
yaani Hanajina,
ili Mauti akibisha
asijue amwite nani.

Hila ikakubali. Miaka sitini na mmoja sasa,
anauza soksi za sufu ya ngamia Ulaanbaatar,
magoti yakimnung'unikia kila theluji ikianguka.

Jana Temuulen, mjukuu, alimfungulia akaunti.
"Bibi, tuandike nani?"
"Nergui."
Simu ikawaza kidogo, ikajibu kwa wino mwekundu:
Jina hili limeshachukuliwa.

Akacheka hadi chai ya chumvi ikamwagikia nguo.
Limechukuliwa! Na nani?
Mwizi gani huyo anaiba mfuko mtupu?

Walikuwapo arobaini na sita.
Mmoja ana picha ya farasi, mmoja ya pikipiki,
wengi kivuli cha kijivu tu.
Usiku, mjukuu kalala,
akawafungua tena, taratibu,
na nyuma ya kila kivuli akamwona
mama mwenye hofu.

Akabonyeza nne, akabonyeza saba.
"Haya," akamwambia mlango,
"njoo. Anza kuhesabu."